Mji mzima umevaa kijivu, wewe unatoka na koti la njano. Wanakutazama kweli?

#1 Koti la Njano
Habari zenu wakuu.

Nimehamia mji ambao watu wake wanavaa kwa kujibana. Hawavai vibaya. Nguo zao ni safi, zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Ila ukisimama kituoni asubuhi utaona nyeusi, kijivu, bluu iliyokolea na kahawia moja moja, basi. Mimi tangu usichana wangu napenda nguo inayoonekana: koti la njano, mikono mipana, sketi ya maua makubwa, hereni zinazofika begani.

Mwanzoni nilivaa kama nilivyozoea. Siku hizi nasimama mbele ya kabati, nachomoa koti la njano, nalitazama, nalirudisha, nachukua jeusi. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenikataza, hata kazini hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni macho tu. Mtu anakupima kuanzia kiatu hadi kichwa, kisha anageukia pembeni kama vile hajakuona.

Dai langu ni hili: macho yana nguvu kuliko sheria, kwa sababu sheria unaweza kuipinga, macho huna pa kuyashtaki. Nauliza, ninyi mnaovaa rangi katika miji iliyopoa mnaishije? Na mji mzima unafikaje kukubaliana kuvaa namna moja bila kuitwa kikao?

#2 Mpitanjia
Nakaa siti ya mbele. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Daftari la Kijani
Dada, wanaokuona ni wachache kuliko unavyodhani, na hili limepimwa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo vijana wale wangeona aibu kutoka nayo, akaingizwa chumbani walimokaa wenzake. Kisha akaulizwa: unadhani wangapi wamemtambua aliye kifuani mwako? Waliovaa walikisia karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo.

Kila mtu ana yake kichwani. Huyo aliyekupima kuanzia kiatu huenda alikuwa anawaza kodi ya nyumba. Vaa koti lako.

#4 Mama Bitana
#3 umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Ile ilikuwa picha kifuani, katika chumba cha watu wenye shughuli zao. Koti la njano linaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Jaribio linasema tunazidisha hesabu, halisemi hesabu ni sifuri. Robo ya chumba ni watu.

Halafu kuna suala la anayetazama ni nani. Kutazamwa na mtu aliyeshangazwa na rangi ni jambo moja. Kutazamwa na mwanamume anayekufuata hatua kwa hatua ni jambo jingine kabisa. Msimwambie kila mwanamke "vaa tu" wakati hamjui anarudi nyumbani saa ngapi na kwa njia ipi.

#5 Koti la Njano
Mama, umenigusa. Mchana sina shaka. Jua likizama nafikiri mara mbili.

#6 Fundi Mkono Mrefu
Shikamooni wakubwa. Mimi nashona, nitasema ninayoyaona mezani kwangu.

Wengi wanaodhani wanaogopa rangi wanaogopa kitu kingine. Kitambaa cheusi kinasamehe. Bega likining'inia, pindo likipanda upande mmoja, mkunjo ukianzia kwapani, cheusi kinavimeza vyote. Njano haimezi kitu. Mshono uliovutwa utaonekana, bitana ikikatwa fupi ikalivuta koti kwa ndani utaona mawimbi mgongoni. Mtu ananunua koti kali lililoshonwa tayari, anashinda nalo siku nzima roho haijatulia, jioni anasema "rangi hii si ya kwangu". Wakati kosa ni bega.

Nina mteja aliniletea suti ya zambarau akitaka nimtafutie wa kumuuzia. Nikamwambia ngoja kwanza. Nilipunguza mabega, nikabana mgongo, nikafupisha mikono ili shati lichungulie kidogo. Kwapa sikuligusa, maana kwapa lililokatwa chini sana halirudi juu. Hakuiuza tena.

Ushauri wangu kwa mleta mada: chagua kitu kimoja kiwe kikali. Rangi, au umbo, au michoro. Vikiwa vikali vyote vitatu kwa pamoja, macho ya mtu hayajui pa kutua, na macho yasiyojua pa kutua ndiyo yanayokodoa.

#7 Bwana Mikunjo
Fundi amenena. Angalieni Wasapeur, wale wanaume watanashati wa Kongo. Wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu katika mavazi ya siku moja. Ukiwaona na suti ya waridi unafikiri ni vurugu, kumbe ni nidhamu tupu: soksi zinajibu skafu, skafu inajibu kitambaa cha mfukoni. Mwanamuziki Papa Wemba alipoanzisha La Sape, huo mtindo wao, kule Kinshasa alijua anachofanya.

#8 Ng'ambo ya Mto
Mkuu #7, Papa Wemba hakuianzisha. Mizizi iko ng'ambo ya pili ya mto Kongo, Brazzaville, hasa mtaa wa Bacongo, tangu enzi za ukoloni. Papa Wemba aliibeba kwenye muziki na kuifanya ijulikane na kila kijana, na alifanya hivyo wakati mgumu: serikali ya Mobutu ilikuwa imeziweka kando suti na tai za Kizungu, mwanamume rasmi alitakiwa avae abacost, koti lisilo na tai. Kwa hiyo tai ambayo kwa wengine ni vazi la kutii, Kinshasa ya wakati ule ilikuwa vazi la kukaidi.

Na Bacongo si mtaa wa matajiri. Ila msapeur akitoka, majirani wanatoka kumtazama, wanamshangilia, watoto wanamfuata. Yaani ujasiri wake una wenyewe, mtaa mzima unaubeba. Mleta mada anatoka peke yake. Tusimlinganishe.

#9 Bwana Mikunjo
Bacongo, nimekupata. Rangi tatu lakini siziachii.

#10 Kijivu Daima
Mimi ni mmoja wa hao wa kijivu mnaowajadili, naomba nisikilizwe.

Nina mashati ya rangi mbili na suruali za rangi moja. Asubuhi sifikirii nguo, nafikiria kazi. Hili kwangu ni pumziko, si woga. Na jambo la pili: mleta mada anasema mtu anamtazama kisha anageuka kama hajamwona. Dada, huko kugeuka ni adabu! Tumelelewa kwamba kumkodolea mtu macho ni kumvunjia heshima. Ukipita na koti lako macho yanavutika yenyewe, tunajikumbusha, tunayaondoa. Wewe unasoma kwamba tumekuhukumu. Mara nyingi nimemwona mtu aliyependeza nikatamani kumwambia, nikakosa namna ya kusema ambayo haitamtia hofu, nikanyamaza. Mji mzima unaweza kuwa umenyamaza hivyo.

#11 Koti la Njano
Kijivu Daima, hili sikuwahi kulipima. Lakini sasa nitajuaje aliyenyamaza kwa kupenda na aliyenyamaza kwa kuchukia? Nyuso zenu ni zilezile!

#12 Rangi Saba
😂 Hapo kaka wa kijivu ajibu.

#13 Kabati la Babu
Turudi kwenye swali la pili la mleta mada, mji unakubalianaje bila kikao. Kikao kilikuwepo, ila kilifanyika zamani sana. Wanaume wa Ulaya walikuwa wanajipamba kuliko wake zao. Louis XIV wa Ufaransa alivaa viatu vyenye visigino vyekundu na hariri na lesi. Kule London Beau Brummell alitia fora kwa marangi yake. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 wanaume wakaziacha rangi, wakaingia kwenye koti la giza. Mwanasaikolojia J. C. Flügel aliandika mwaka 1930 kwamba wanaume waliikana haki yao ya kupendeza ili waonekane watu wa kazi na wenye manufaa. Suti hiyo ikasambazwa na ofisi, benki na ukoloni. Leo unaikuta katika miji ambayo haikuhusika na mjadala huo hata kidogo.

#14 Ng'ambo ya Mto
Nitaonekana mtu wa kurekebisha kila kitu, lakini Brummell alikuwa kinyume chake. Huyo ndiye aliyezipoza rangi. Koti la bluu iliyokolea, shati jeupe safi, kitambaa cha shingoni kilichotiwa wanga, na ukataji uliokaa mwilini bila dosari. Fundi #6 angempenda. Sifa yake ilikuwa ukamilifu, na alipofilisika akakimbilia Ufaransa, akafia Caen mwaka 1840 akiwa maskini.

Na nyeusi yenyewe haikuwa rangi ya kujificha tangu mwanzo. Philip Mwema, mtawala wa Burgundy, alishikilia nyeusi baada ya baba yake kuuawa mwaka 1419, na nyeusi iliyoiva sawasawa ilikuwa ghali kupatikana. Aliyeingia ukumbini nayo alionekana kuliko wote.

#15 Kabati la Babu
Sawa, basi Brummell ananiunga mkono zaidi: mtu mmoja mwenye heshima alipoza rangi, miji ikafuata.

#16 Mchemsha Rangi
Mnasahau viwanda. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, akapata rangi ya zambarau iliyokuja kuitwa mauveine. Mwaka 1858 Malkia Victoria akaivaa kwenye harusi ya binti yake. Kabla ya hapo zambarau nzuri ilikuwa ya wenye fedha. Baada ya hapo kila mwenye kipato cha kawaida aliweza kuvaa rangi kali. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo wenye nacho walipozidi kukimbilia rangi zilizopoa, kwa sababu rangi kali haikuwatofautisha tena na wafanyakazi wao. Mji unaovaa kijivu ni mji unaoiga matajiri wake, hata kama hawajui.

#17 Mama Bitana
Hoja yako ina utamu lakini inaeleza kwa nini tajiri aliacha. Haielezi kwa nini mhudumu wa dukani anaogopa.

#18 Mzee wa Kola
Wanangu, nimesoma yote. Mleta mada anasema macho yana nguvu kuliko sheria. Mimi ni mtu mzima, niliziona hizo sheria. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza kutekelezwa Januari 1969: vimini, wigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana, vyote marufuku. Wasichana walisumbuliwa mabarabarani Dar es Salaam, wengine walichaniwa nguo. Malawi, mwaka 1973, mwanamke alikatazwa kisheria kuvaa suruali na sketi inayopanda juu ya goti, na hali hiyo ilidumu hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Huko hukutazamwa tu, ulikamatwa.

Kwa hiyo ukiwa na mji unaokutazama na kukuacha upite, jua kuna waliolipia hiyo njia.

#19 Rangi Saba
Shikamoo mzee. Heshima yako. Ila naongeza Paris: mwaka 1800 polisi walitoa amri kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kiume lazima awe na kibali. Baadaye ikalegezwa kwa aliyeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Amri hiyo ilikuja kutamkwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013! Kabla ya hapo wanawake wa Paris walishavaa suruali miaka na miaka, polisi wanatazama. Sheria ilikufa mtaani kwanza, ikazikwa ofisini baadaye. Hapo namuunga mkono mleta mada: mtaa ndio unaoamua.

#20 Mzee wa Kola
Marahaba. Mtaa unaamua, ndiyo. Lakini Dar es Salaam ya 1969 mtaa na sheria vilikuwa upande mmoja. Vikikutana hivyo, hakuna koti.

#21 Sina Haraka
Mimi naamini ni mazoea tu, na nina kisa kinachonipa moyo kila nikikikumbuka. Mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kulikuwa na mwanafunzi aliyehudhuria darasa la Charles Goetzinger akiwa amejifunika mfuko mkubwa mweusi, inaonekana miguu tu. Wenzake walianza kwa uhasama. Ukageuka udadisi. Mwishowe wakawa wanamlinda na kumwona rafiki. Robert Zajonc alikitaja kisa hicho mwaka 1968 alipoandika kwamba kukiona kitu mara kwa mara kunatosha kukufanya ukielekee.

Sasa kosa wanalofanya wengi ni kuvaa njano Jumatatu, kuogopa, kurudi na nyeusi wiki mbili, kisha njano tena. Kila ukirudi unakuwa mgeni upya. Vaa mfululizo. Mimi navaa kofia pana nyekundu. Siku nikiiacha nyumbani, mlinzi wa jengo letu ananiuliza kama naumwa.

#22 Daftari la Kijani
Hii nzuri. Na inakubaliana na #3.

#23 Mama Bitana
Haikubaliani hata kidogo, mwanangu. Wewe ulisema hawaoni. Huyu anasema wanaona sana hadi wanazoea. Chagueni moja.

#24 Mpitanjia
😂😂 Mama Bitana hana mchezo.

#25 Wawili Wawili
Tafuteni mwenza. Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaweka watu waamue urefu wa mistari huku kundi lililopangwa likitoa majibu ya uongo kwa makusudi. Wengi walikubali uongo angalau mara moja wakati jibu lilikuwa wazi mbele ya macho yao. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu kundini anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu!

Tokyo inalionyesha hili vizuri. Ni mji wa suti nyeusi ukienda wanakofanyia kazi, lakini ukifika mtaa wa Harajuku vijana walivaa walichotaka, matabaka kwa matabaka, nywele za waridi, viatu virefu, kwa sababu walijua Jumapili wenzao watakuwepo barabarani ikifungiwa magari. Ile barabara ilipoacha kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ile hali ilififia pia. Ushujaa wa mavazi unahitaji mahali pa kukutania. Mleta mada, tafuta wawili watatu mtoke pamoja Jumamosi.

#26 Karani wa Zamu
Naona wengi mnaongea kama watu ambao kazi zenu haziwezi kuguswa. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa navaa mashati ya michoro mikubwa. Sikukatazwa. Lakini kila wageni wakubwa walipokuja, nilipelekwa chumba cha nyuma kupanga mafaili. Mwenzangu, kazi ileile, shati jeupe, alikaa mbele, akajulikana, akapanda. Siwezi kuthibitisha kwamba ni shati. Hakuna aliyewahi kusema ni shati. Ndiyo ubaya wake, hukumu haisomwi.

Nilinunua mashati meupe. Ya michoro navaa siku zangu. Sioni aibu, nina watoto wa kulisha.

#27 Rangi Saba
Pole sana ndugu yangu.

#28 Kabati la Babu
Karani ameleta kitu kikubwa kuliko historia yangu. Edwin Hollander aliandika mwaka 1958 kwamba mtu hujijengea akiba ya imani kwa kufuata kundi na kufanya kazi vizuri, halafu akiba hiyo ndiyo anayoitumia anapotoka nje ya mstari. Mgeni hana akiba. Mwaka 2014 Silvia Bellezza na wenzake walionyesha kwamba anayevunja kawaida ya mavazi anaweza kuonekana ana hadhi zaidi. Wahudumu wa maduka ya kifahari Milan walimpa hadhi kubwa zaidi mteja aliyeingia na nguo za mazoezi kuliko aliyejipamba. Lakini sharti lake ni hili: anayekuona aamini kwamba unaijua kanuni na umeamua kuiacha. Wakidhani hujui, hadhi hiyo huipati. Kwa Karani, kijana mpya, waliona hajui. Bosi wake angevaa shati lilelile angeitwa mbunifu.

#29 Hereni Moja
Ndiyo maana nawasikiliza kwa tahadhari wanaomtaja Iris Apfel, yule bibi wa Marekani aliyesifika kwa mavazi ya kuonekana. Nampenda mno, miwani ile mikubwa na bangili hadi kiwiko, na Metropolitan Museum of Art ya New York iliyaonyesha mavazi yake mwaka 2005. Alifariki 2024 akiwa na miaka 102. Lakini alikuwa na fedha, ndoa, biashara, na umri ambao watu hawamkemei mtu. Binti wa miaka 23 anayetafuta kazi ya kwanza hana kinga hizo.

#30 Sina Haraka
Iris hakuanza kuvaa vile akiwa na miaka 90, dada. Alianza kijana. Umri ulimkuta yuko njiani.

#31 Mama Bitana
Na mwanamke analipa zaidi kila wakati. Mwaka 1851 kule Seneca Falls, Marekani, Amelia Bloomer aliandika kwenye gazeti lake kuhusu suruali pana chini ya sketi fupi, vazi la kumwezesha mwanamke kutembea bila kuburuta pindo matopeni. Vazi likachukua jina lake. Walizomewa. Elizabeth Cady Stanton, mpigania haki za wanawake, aliliacha baada ya muda, kwa sababu watu walikuwa wanatazama suruali badala ya kusikiliza madai ya haki ya kura. Hakushindwa ujasiri yule mama. Alipima akaona vazi linakula nguvu aliyohitaji kwingine.

Kisha miaka ya 1890 baiskeli ikaja, na wanawake wakavaa suruali za namna hiyo kwa sababu sketi inanaswa kwenye mnyororo. Mji ulikataa hoja, ukakubali baiskeli.

#32 Koti la Njano
Mama Bitana nimeisoma hii nikaisoma tena. Mimi sipiganii kura. Napenda tu njano. Je, kupenda tu kunatosha kuwa sababu?

#33 Mama Bitana
Kunatosha mwanangu. Sijasema uache. Nimesema aliyeacha asiitwe mwoga.

#34 Daftari la Kijani
Kuna pia faida ya ndani. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky walionyesha kwamba mtu akivaa koti jeupe akiambiwa ni la daktari, umakini wake unapanda kuliko akiambiwa koti lilelile ni la mchoraji. Nguo inaingia akilini. Njano itakupa nguvu ya njano.

#35 Ng'ambo ya Mto
Samahani tena. Sehemu ya utafiti huo ilirudiwa na watafiti wengine, matokeo yao yakatoka 2019, na hawakuona umakini ukipanda kwa kuvaa koti hilo. Usimpe mtu ahadi ya maabara. Akijisikia vizuri ndani ya koti lake, hiyo ni sababu kamili bila kumhusisha daktari.

#36 Shati la Maua
Mimi ni mwanamume, navaa maua. Kwetu wanaume kuna swali la ziada ambalo halisemwi, watu wanaanza kukisia unampenda nani, una dini gani, umelelewaje. Shati tu hilo. Shemeji yangu aliwahi kunivuta pembeni kwenye shughuli ya familia, akaniuliza kwa upole kama nina matatizo. Nikamwambia nina shati. Sasa yeye ndiye ananiomba nimwazime skafu zangu.

Nilichojifunza ni kuwa na jibu fupi na la kirafiki. Mtu akisema "leo umewaka!", usijitetee, usieleze. Sema "asante, na wewe umependeza", endelea na safari. Watu wengi wanasubiri kuona kama wewe mwenyewe umestarehe. Wakiona umestarehe, wanastarehe.

#37 Fundi Mkono Mrefu
Shati la Maua, michoro yako inakutana kwenye mfuko na kwenye vifungo? Hapo ndipo nguo ya maua inapojulikana kama ni ya fundi au ya haraka.

#38 Shati la Maua
Mfukoni inakutana. Vifungoni imepishana kidogo. Umeniharibia siku 😂

#39 Rangi Saba
Tukiwa na fundi hapa: nguo zangu za rangi kali zinachuja. Gauni jekundu limeniharibia mashuka. Naambiwa niloweke kwenye chumvi na siki, ni kweli?

#40 Mchemsha Rangi
Hilo nijibu mimi. Chumvi inatumika wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye pamba. Nguo ikishauzwa, kuiloweka kwenye chumvi hakuishikishi rangi iliyobaki juu juu. Siki nayo inasaidia kwenye sufu na hariri wakati wa kutia rangi, kwenye pamba iliyokamilika haifanyi unachoambiwa. Kinachochuja ni rangi iliyozidi, haikushika uzi. Fua peke yake mara za mwanzo hadi maji yatoke safi, usiiache imelowa imekunjwa, anika kivulini ukiwa umeigeuza ndani nje. Kabla ya kununua, lowanisha kitambaa cheupe kidogo usugue mshono wa ndani. Kikitoka na rangi, ujue.

#41 Kijivu Daima
Fundi, naomba nikuulize kitu bila watu hawa kunicheka. Nina koti la kijivu, zima kabisa, nalipenda. Bitana yake imechoka. Inawezekana kuitoa na kuweka nyekundu? Nje libaki lilivyo.

#42 Koti la Njano
KIJIVU DAIMA!!!

#43 Mpitanjia
Nilijua siti ya mbele italipa.

#44 Fundi Mkono Mrefu
Inawezekana, tena ni kazi ninayoipenda. Ila sikiliza. Usitoe ile ya zamani ukaitupa, fundi wako anaihitaji iwe kipimo. Aifumue taratibu, aikate mpya kwa kuifuata, aache nafasi ya kupumua katikati ya mgongo, mkunjo mmoja wa kusimama kuanzia kola kwenda chini. Bila huo, ukinyoosha mikono bitana itachanika kwapani au italivuta koti. Chagua kitambaa chepesi kinachoteleza, kisiwe kizito kuliko koti lenyewe. Na ufanye lile jaribio la #40 kabla hujalipa, kwa sababu nyekundu inayochuja juu ya mashati yako meupe hutaisahau.

#45 Kijivu Daima
Nimeandika yote. Na mikononi, bitana iwe nyekundu pia au niache kijivu?

#46 Fundi Mkono Mrefu
Mikononi wengine huweka ya mistari myembamba. Ukikunja mkono kidogo inaonekana. Amua wewe.